Baridi ya alfajiri bustanini: tufunike, tumwagilie au tusubiri mvua?

Mkulima wa Suam
Habari za jioni wote. Shamba langu liko Bukwo, mashariki mwa Uganda, upande wa juu kunakoanza baridi ya mlima Elgon. Kila Februari nasia kitaluni na kupanda kipande kidogo cha viazi na maharage mapema, ili mvua zikishika mwezi wa nne niwe nimewatangulia wengine sokoni. Mwaka huu usiku mmoja umenirudisha nyuma. Jioni anga lilikuwa jeupe kabisa, upepo hakuna. Saa kumi na mbili asubuhi nikakuta beseni la maji ya mbuzi lina ngozi ya barafu, nyembamba, naikwangua kwa ukucha. Maharage yamekakamaa yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kufika saa nne jua limepanda, yamelegea yote, meusi, utadhani mboga iliyotoka sufuriani.

Kabichi hazikuguswa. Viazi vya chini kijitoni vimekwisha, vya kwenye mteremko, hatua kama 30 tu juu, vizima.

Jirani mmoja ananiambia nitandaze nyasi, mwingine nifunike na kavera, yaani karatasi ya nailoni, wa tatu nimwagilie usiku. Mzee wangu anasema niache haraka, nisubiri Aprili kama watu wote. Wenye uzoefu, mngechagua lipi?

Kiruruma
Pole ndugu. Mimi ni wa Kabale, hayo ya hatua 30 tunayajua sana. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka kama maji na kutuama bondeni. Mabonde yetu yalikuwa matete na mafunjo, yakachimbwa mitaro, sasa tunalima humo kwa sababu udongo ni mweusi na una unyevu kiangazi chote. Utamu huo una bei yake. Kabla hujanunua chochote, badilisha nafasi tu: viazi na maharage panda mteremkoni, bondeni weka kabichi, karoti na vitunguu. Halafu ukiwa na ua mnene upande wa chini wa shamba, utoboe mahali. Ua unazuia ile hewa isitoke, inakuwa kama bwawa.

Mama Njegere
Kisoro hapa. Mimi natandaza nyasi kavu kila msimu na sijawahi kujuta. Nyasi ni blanketi la udongo. Kavera ni gharama na watoto wanalichana.

Bwana Shamba Mstaafu
Mama, kwa kutunza unyevu na kuzuia magugu nyasi hazina mpinzani, hapo tuko pamoja. Kwa usiku wa jalidi, yaani baridi inayogandisha majani, ndipo tunapoachana. Mchana udongo unameza joto la jua, usiku unalitoa kidogo kidogo, na joto hilo ndilo linaloukinga mmea ulio juu yake. Ukitandaza nyasi nene chini ya mmea umelifungia joto ardhini: mizizi imelala vizuri, majani yako nje yanatetemeka. Tena nyasi kavu zenyewe zinapoa haraka kuliko udongo mtupu. Kwa hiyo katika wiki za hatari sogeza nyasi pembeni, au zipandishe JUU ya miche jioni na kuzitoa asubuhi. Nyasi zilezile, mahali pengine.

Ya maji nayo watu wanachanganya mambo mawili. Kumwagilia udongo mchana, saa sita au saba, kunasaidia kweli, maana udongo wenye maji unabeba joto zaidi ya udongo mkavu wenye vumbi. Kunyunyizia majani usiku ni kazi ya wenye pampu. Maji yanapoganda hutoa joto, ndiyo siri yake, lakini lazima yaendelee kunyunyiza bila kukatika mpaka barafu iyeyuke asubuhi. Ukianza na jerikani saa nane usiku kisha ukaenda kulala, maji yanayokauka juu ya jani yanalipoza zaidi na umeongeza hasara.

Na usiamini sana kipimajoto kilichoning'inizwa barazani. Kinaweza kusoma nyuzi 2 au 3 juu ya sufuri huku majani yaliyo karibu na ardhi yameshaganda.

Mtoto wa Sebei
Vipi moshi? Babu alikuwa anawasha mabua yaliyoloa kuzunguka bustani.

Bwana Shamba Mstaafu
Moshi unaonekana mzito kwa macho, ila joto la ardhini linaupenya na kwenda zake angani. Mawingu ndiyo yanayolizuia. Kinachosaidia kidogo ni joto la moto wenyewe, na hapo unahitaji mioto midogo mingi. Moto mmoja mkubwa unapaisha hewa ya joto moja kwa moja juu, na baridi inaingia kutoka pembeni kujaza nafasi. Kuni zetu zenyewe mnajua hali yake.

Cherop wa Calgary
Nawasoma kutoka Kanada, kwetu ni Kapchorwa. Huku kila mwaka ni vita hii hii majira ya kuchipua. Watu wa Calgary husubiri wikendi ya Victoria Day, sikukuu ya huku mwishoni mwa Mei, ndipo watoe nyanya nje, na bado kuna miaka baridi inarudi kuwacheka. Nimefunika kwa mashuka, ndoo, mapipa ya takataka, hata koti langu.

Ila msiige kila kitu cha huku. Baridi yetu mara nyingi inakuja na upepo, hewa yote imepoa, shuka halina cha kuokoa. Hiyo ya Bukwo ni ya usiku mtulivu usio na wingu, joto linapaa tu kutoka ardhini, na saa tatu asubuhi jua linawaka. Kwa aina hiyo kifuniko chepesi kinatosha kabisa. Pia mimi kusubiri kunanilipa, kwa sababu kila wiki hapa usiku unazidi kuwa mfupi. Kwenu usiku ni saa 12 mwaka mzima, kinachobadilika ni mawingu. Mzee anaposema subiri Aprili anasubiri mawingu, na hakosei.

Kavera likigusa jani, jani hilo linaungua na baridi. Weka vijiti vilivyopindwa kwanza. Mimi napenda kitambaa.

Kiruruma
Magunia! Yale ya mahindi, ukiyafumua mshono yanafunika tuta zima.

Mama Njegere
Na neti za mbu? Hapa watu wanafunikia miche.

Bwana Shamba Mstaafu
Neti inazuia kuku, mama. Joto linapita kwenye matundu. Neti irudi kitandani.

Mkulima wa Suam
Asanteni. Nimerudi baada ya wiki mbili. Viazi vilivyokuwa vyeusi sikung'oa, nilikuwa nimeviinulia udongo mapema, na vimechipua upya kutoka chini. Vitachelewa lakini vipo. Maharage niliyang'oa yote. Nilijaribu matuta matatu bondeni: moja magunia juu ya vijiti, moja kavera, moja nyasi chini kama kawaida. Jalidi ikarudi, si kali kama ile ya kwanza. Magunia, hakuna jani lililoguswa. Kavera, yameungua majani yaliyoegemea tu, ila siku moja nilichelewa kulifunua kwa sababu ya msiba, kufika saa tano ndani kulikuwa jiko na miche minne imenyauka kwa joto. Ya nyasi sisemi kitu, Mama Njegere atanikasirikia.

Mama Njegere
Sema tu. Yangu pia yaliungua na baridi Jumanne.

Mkulima wa Suam
Basi pole mama. Maharage mapya nimeyapeleka mteremkoni, bondeni nimeacha kabichi. Magunia nimebakiwa na sita, na miche ya nyanya ni matuta mawili. Sasa saa moja usiku, nyota zimejaa na upepo umelala. Natoka kufunika.