Wakuu naombeni ushauri, nihamie Songea na kazi yangu ya mazingaombwe au nibaki Mtwara?

Kiinimacho wa Kusini:
Habari zenu wakuu. Mi ni kijana wa hapa Mtwara mjini, kazi yangu mazingaombwe na vichekesho, napiga shoo mashuleni, minadani na kwenye maharusi. Natafuna wembe, nakata kamba inaunga, karatasi nyeupe inageuka noti ya elfu kumi, na nina dogo anapiga sarakasi na kuendesha baiskeli ya tairi moja. Kibali cha afisa utamaduni ninacho msinianze huko. Msimu wa korosho nahamia Tandahimba na Newala, hela ipo na watu wana furaha. Sasa nataka kwenda Songea, ikiwezekana wiki hii hii. Je mashule ya huko yanapokea shoo? Na vyumba bei gani? Jibuni jamani, silali.

Mama Wawili Shangani:
Mwanangu Songea mwezi wa sita baridi kali, beba koti. Mdogo wangu alienda na vishati vyake vya Mtwara akaugua kifua, halafu kule akaoa hata hatukuambiwa, mahari tumekuja kusikia kwa watu.

Dogo wa Chikongola:
Wewe si ndo ulikuja shuleni kwetu ukatafuna wembe? Tulikufuata mpaka stendi tuone kama utatapika 😂

Mkulima Nachingwea:
Mtu anayehama kikazi hasemi "wiki hii hii", na hasemi "silali". Umefanya nini?

Kiinimacho wa Kusini:
Sijafanya kitu mkuu. Kuna mteja mmoja tu ananisumbua.

Mkulima Nachingwea:
Mteja wa shoo akusumbue mpaka uhame mkoa?

Kiinimacho wa Kusini:
Haya. Kuna mzee ana duka Masasi, aliniona mnadani nikigeuza noti. Akanifuata akasema dukani kwake kuna chuma ulete, hela za mauzo hazikai, kama naweza kuleta noti basi naweza kuzuia zisiondoke. Mimi SIKUSEMA ni mganga, yeye ndo alisema, mi nikamwambia nitaangalia. Akatoa laki nne ya kuanzia, nikanunua spika maana ya zamani ilikuwa inakwaruza. Sasa anapiga simu kila siku.

Ustadhi Mnyonge:
Hela ya ushirikina hiyo, haina baraka. Rudisha, toa sadaka, tafuta kazi halali.

Bingwa wa Ligula:
Kama unageuza karatasi kuwa elfu kumi si ugeuze hizo laki nne umrudishie, shida iko wapi 🤣🤣

Mwanasheria Uchwara:
Bwana mdogo Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, mkoloni kaondoka yenyewe ikabaki. Kujifanya una uwezo huo tu ni kosa, hata kama uwezo wenyewe huna. Kibali cha utamaduni hakikukingi hapo.

Mkulima Nachingwea:
Laki nne haimnyimi mtu usingizi. Dukani ulienda?

Kiinimacho wa Kusini:
Nilienda. Nikatoa hirizi chini ya droo ya hela. Nilikuwa nayo kiganjani, kitu cha kawaida kwenye kazi yetu. Nilitaka tu mzee aridhike.

Mkulima Nachingwea:
Ukasema ya nani?

Kiinimacho wa Kusini:
Sikutaja mtu! Mzee mwenyewe ndo alisema ni ya mpwa wake, yule kijana anayekaa dukani. Mi nilinyamaza tu. Ningesemaje sasa? Kijana kafukuzwa, nasikia analala stendi. Na sasa mzee anataka nikamalize kazi, nimtaje na aliyemtuma.

Chai Rangi:
Wakuu mnapigwa kamba hapa. Mnada wa korosho unaanza Oktoba, sasa hivi Juni mwenye duka Masasi anapata wapi laki nne za kugawa? Halafu huyu mwaka jana alifungua uzi hapa akisema ni fundi friji.

Kiinimacho wa Kusini:
Wewe sio mtu wa huku. Mwezi wa sita ni ufuta, watu wanalipwa sasa hivi. Na ufundi friji nafanya ndio, shule zikifungwa unataka nile viini macho?

Mkulima Nachingwea:
La ufuta kasema kweli, mi mwenyewe nimelipwa juzi.

Chai Rangi:
Sawa. Ila gari la Songea linapita Masasi hapo hapo mbele ya duka la mzee. Mkimbizi gani anapanga hivyo?

Kiinimacho wa Kusini:
…hilo sikuliwaza.

Babu Sarakasi:
Mjukuu, mi nimezunguka na kundi miaka hiyo Lindi, Kilwa hadi Tunduru. Mfaransa Robert-Houdin, mtu wa mazingaombwe kama wewe, alipelekwa Algeria na serikali yake mwaka 1856 akawashinde wenye miujiza wa kule. Alikuwa na sanduku, mwanaume wa miraba minne analiinua, dakika ya pili halinyanyuki, kumbe chini kuna sumaku ya umeme. Watu walikimbia ukumbini. Baadaye akawatumia wakalimani wakawaeleze ni ufundi, hakuna jini. Na yeye alitumwa atishe! Wewe uliyetumwa uchekeshe unashindwa nini? Nenda na mjumbe, mwonyeshe mzee hirizi ilivyokaa kiganjani.

Kiinimacho wa Kusini:
Babu shikamoo. Nikimwonyesha Masasi nzima itajua, na mkono ule ule ndo unatoa noti. Nani atalipa kiingilio tena? Ule ndo mtaji wangu wote.

Babu Sarakasi:
Marahaba. Watalipa. Mi wamenijua siku zote kuwa natumia mkono na walikuwa wanarudi.

Ustadhi Mnyonge:
Kwa hiyo mnamfundisha uchawi hadharani?

Kiinimacho wa Kusini:
Basi nitaenda na dogo, nimwonyeshe mzee ile ya kamba, aelewe kwamba ni mchezo. Ya kiganjani hapana.

Mkulima Nachingwea:
Kamba haikumfukuza mtoto wa watu.

Mama Wawili Shangani:
Samahani nawaingilia, mjukuu wangu anatoka jandoni Mikindani mwisho wa mwezi, ile ya wembe na baiskeli unafanya bei gani?

Kiinimacho wa Kusini:
Njoo inbox mama. Tarehe ngapi?