Boti ya faiba ya futi 20: kuipiga rangi upya nyumbani

Pwani_Tanga

Wakuu, salaam. Nina boti ya faiba ya futi 20, upana mita 2, ya miaka mingi. Iko juu ya trela uani, hapa Tanga. Juu ya mstari wa maji jelikoti (ngozi ngumu ya nje ya faiba) imepauka, ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe. Chini kuna rangi ya zamani, tabaka juu ya tabaka, inabanduka vipande, na sijui ni ya aina gani. Karibu na mkuku (uti wa chini wa boti) upande wa tezi, yaani nyuma, kuna malengelenge, mengine kama punje ya mahindi, mengine kama sarafu. Boti ikiwa kazini hukaa majini muda wote kwenye boya, haipandishwi ufukweni. Nataka kutumia rola na brashi tu. Fundi mmoja wa magari anasema puti na rangi ya gari inatosha. Nifuate mpangilio gani, na ninunue rangi lita ngapi?

FundiFaiba

Mkuu, puti ya gari usiiguse chini ya mstari wa maji. Ni resini ya poliesta iliyojazwa unga wa taliki. Ikikaa majini hunyonya maji, huvimba, na rangi iliyo juu yake hung'oka nayo. Rangi ya gari nayo haikutengenezwa kuzama mwaka mzima. Hata poliurethani nzuri ya boti, ile ya kung'aa, wengi wanaoitengeneza wanakataza kuipaka sehemu inayokaa majini. Kwa hiyo boti yako ni kazi mbili zinazokutana kwenye mstari: chini epoksi na rangi ya kuzuia viumbe wa baharini, juu praima ya epoksi na poliurethani.

Anza chini, maana huko ndiko kwenye ugonjwa. Toboa lengelenge moja (vaa miwani, maji ya ndani hutoka kwa presha). Yakitoka majimaji yenye harufu kama ya siki, hiyo ni osmosisi: maji yamepenya jelikoti, yakakutana na kemikali ambazo hazikuungana vizuri wakati faiba ilipomwagwa, yakatengeneza tindikali. Kupaka rangi juu yake ni kulifungia maji ndani.

Rangi ya zamani yote itoke. Kwangua kwa mkwangulio wenye kona zilizosuguliwa zikawa butu ili usichimbe faiba, kisha msasa namba 80 wa maji. Nasisitiza wa maji. Rangi hizo zina shaba, na za zamani sana zinaweza kuwa na TBT, sumu ya bati ambayo mkataba wa IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini) wa 2001 uliipiga marufuku na ukaanza kutumika 17 Septemba 2008. Ukisugua kavu unavuta vumbi hilo, na nyumba nzima inalivuta pamoja nawe. Tandika turubai pana chini, kusanya maji na maganda yote, funga kuku na mbuzi mbali, na kama uani kuna kisima fanyia kazi upande mwingine kabisa.

Kisha fungua malengelenge yote mpaka ufike faiba ngumu, kingo ziwe na mteremko. Osha kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) mengi, rudia kesho yake na keshokutwa, mpaka harufu iishe na usikute tena utelezi ndani ya shimo. Halafu boti ikauke chini ya paa, upepo ukipita: hesabu wiki 4 hadi 8. Kupima, bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 30 kwa 30, ziba kingo zote nne kwa utepe, acha saa 24. Ukiona ukungu wa maji upande wa ndani, endelea kusubiri. Kikiwa kikavu, jaza mashimo kwa fila ya epoksi na usawazishe kwa msasa.

Hapo unapaka epoksi ya kuzuia maji tabaka 5, jumla ikikauka ifike kama maikroni 250. Tabaka mbili hazizuii maji, zinabadilisha rangi tu.

Kigombe_Marine

Naongezea upande wa juu, kwa sababu watu wengi hukimbilia msasa na hapo ndipo wanapoharibu.

Jelikoti ya zamani imepakwa nta mara nyingi, na pengine silikoni. Ukianza na msasa unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na rangi itajikusanya na kuacha vijishimo vidogo vya duara. Kwa hiyo kwanza sabuni na maji baridi. Halafu vitambaa viwili: cha kwanza kimelowa dawa ya kutoa nta, cha pili kikavu kinafuata papo hapo kabla haijakauka. Geuza upande wa kitambaa kila baada ya hatua moja, la sivyo unahamisha mafuta kutoka omo (mbele) kuyapeleka tezi. Mwisho nyunyiza maji safi. Yakitandaa kama utando mmoja, safi. Yakijikusanya matone, rudia.

Baada ya hapo msasa namba 120, praima ya epoksi tabaka mbili, namba 220, kisha 320 kabla ya rangi ya juu. Nyufa ndogo za jelikoti zisipakwe tu. Zipanue kwa kona ya mkwangulio ziwe na umbo la V, jaza fila ya epoksi. Na kama nyufa zimejikusanya kuzunguka boliti au kona moja, faiba hapo inanepa. Imarisha kwa ndani kwanza, ama zitarudi zote na rangi yako mpya.

Jambo la pwani yetu ni chumvi. Upepo wa bahari huileta hata kama uko mbali kidogo na ufukwe, na huioni. Chumvi iliyofungiwa kati ya tabaka mbili huvuta maji kupitia rangi, unapata malengelenge mapya ambayo si ya faiba kabisa. Kila asubuhi kabla ya kupaka, futa boti nzima kwa kitambaa na maji baridi, acha ikauke.

Lingine ni unyevu. Epoksi ikikauka kwenye hewa yenye unyevu hutoa utando wa mafuta juu, ukigusa unateleza kama sabuni. Thina haiutoi. Unaoshwa kwa maji na dodoki gumu, na unaoshwa kabla ya msasa. Usipouosha, tabaka inayofuata itabanduka nzima nzima.

FundiFaiba

Sahihi kabisa. Kuhusu hesabu za lita: chini chukua urefu wa mstari wa maji, zidisha kwa upana ukijumlisha kina. Kwa futi 20 mstari wa maji ni kama mita 5.4, kina 0.3: 5.4 × 2.3 = kama mita za mraba 12.4. Juu: urefu jumlisha upana, mara 2, mara kimo cha ubavu. Kikiwa mita 0.7 unapata kama 11.

Kwa rola, epoksi na rangi ya kuzuia viumbe hesabu mita za mraba 8 kwa lita, poliurethani 10. Basi: epoksi ya chini tabaka 5, lita 8. Praima ya juu tabaka 2, lita 3. Poliurethani tabaka 3, lita 4. Rangi ya kuzuia viumbe tabaka 3, lita 5. Nunua thina ya kampuni ileile ya rangi. Thina ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi huikata rangi ya hadina (ile inayochanganywa na kemikali ya kuigandisha), inabaki laini au inapoteza mng'ao.

Hadina ipimwe kwa mizani au kikombe chenye alama, na soma kopo kama uwiano ni wa uzito au wa ujazo. Kuongeza hadina ili ikauke haraka hakusaidii kitu, ziada inabaki ndani na rangi haikomai. Kwa joto letu la nyuzi 30 changanya mililita 300 hadi 500 kwa mara moja na umimine kwenye trei pana. Ikikaa imejaa kwenye kopo hujipasha moto na kuganda mkononi.

Mtoni_65

Kupaka poliurethani ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapitisha rola ya sponji fupi, ukanda wa upana wa sentimita 50 kutoka juu mpaka kwenye utepe wa mstari wa maji. Wa pili anafuata mara moja na brashi laini, ncha tu, bila kukandamiza, akitoka kwenye rangi mpya kuelekea iliyokwisha pakwa. Akishapita haruhusiwi kurudi, hata akiona mbu amenasa. Mbu atatolewa kwa msasa kati ya tabaka. Mistari ya brashi ikibaki, ongeza thina asilimia 5. Rangi ikitoa machozi, unapaka nene.

Saa nzuri ni baada ya umande kukauka kabisa, boti ikiwa kivulini, na umalize mapema mchana. Umande wa jioni ukiikuta rangi haijakamata, kesho yake utakuta imefifia kama imepulizwa majivu. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, ni mizuri kwa ukavu. Masika usianze kabisa.

Na usishawishike kupuliza kwa bomba. Hadina ya poliurethani ina isosaianeti. Ikiwa mvuke inaharibu mapafu, na barakoa ya kawaida haitoshi. Hata kwa rola vaa barakoa yenye filta ya kaboni na glavu.

Nahodha_Mkwaja

Kwenye rangi ya kuzuia viumbe: kwa boti ya boya chukua ile laini inayolika polepole. Ile ngumu inawafaa wanaopandisha boti mchangani, maana laini ingekwanguliwa na mchanga. Wazee watakushauri shahamu na chokaa kama jahazi. Deheni hiyo ni ya mbao. Kwenye faiba inaacha mafuta ambayo hakuna rangi itakayoshika juu yake baadaye.

Tabaka ya kwanza ipakwe epoksi ya mwisho ikiwa bado inanata kidogo. Bonyeza kwa kidole gumba: kikiacha alama lakini kidole kikatoka safi, ndiyo saa yake. Ukichelewa ikawa ngumu, itabidi upige msasa chini yote. Tabaka ya kwanza iwe ya rangi tofauti na mbili za juu, ili ikianza kuonekana ujue muda wa kupaka upya. Omo, kingo za mkuku na mstari wa maji ongeza tabaka moja.

Paka hadi sentimita 5 juu ya pale maji yanapofika boti ikiwa na mafuta na watu. Kuhamisha alama hiyo, sawazisha boti kwenye trela na utumie mpira mwembamba wa maji, ule wa mafundi ujenzi wa kupimia levo. Zinki (vipande vinavyoliwa na kutu badala ya chuma cha boti) zisipakwe kabisa. Rangi yenye shaba isiguse mguu wa injini wala alumini yoyote, acha nafasi ya sentimita 3.

Pwani_Tanga

Shukrani sana wakuu. Mawili tu: pale boti inapokalia trela nafanyaje, na nikimaliza nisubiri muda gani kabla ya kuishusha?

Kigombe_Marine

Tumia jeki mbili na magogo yaliyofungwa zulia, hamisha mahali pa kukalia kabla ya kuanza epoksi. Sehemu hizo zipate tabaka zote kama kwingine. Wanaozipaka mara moja siku ya kushusha ndio wanaokuta malengelenge ya mstatili, kipimo kilekile cha ubao wa trela. Ukihamisha, usiikalishe boti juu ya epoksi ambayo haijakomaa, angalau siku 3.

Kushusha: poliurethani iachie siku 7 kabla ya kamba na maboya ya pembeni kuisugua. Rangi ya kuzuia viumbe soma kopo lake, kuna muda wa chini na wa juu kabisa wa kukaa nje ya maji. Panga tabaka ya mwisho kulingana na maji ya bamvua (yanapojaa sana) utakayoshushia, usiipake leo halafu boti ikae uani miezi.