Kizigeu cha (∂φ)⁴ kimetoka hasi, msimamizi kakikataa. Kwa nini?

Chembe Ndogo: Wakuu, naombeni msaada. Tasnifu yangu ya uzamili ni ya nadharia ya uga fanisi (inayoeleza nishati ndogo tu, chembe nzito zikiwa zimeondolewa). Nina skala φ (uga wenye namba moja tu kila mahali) isiyo na masi, lagranjiani (fomula inayozaa milinganyo ya mwendo) ½(∂φ)² + c(∂φ)⁴, ∂φ ikiwa mteremko wa φ, na kizigeu c, yaani namba inayozidisha (∂φ)⁴, kimetoka hasi. Msimamizi hata hesabu hakusoma. Kaenda kwenye jibu, kazungushia ile alama ya kutoa kwa wino mwekundu, akaandika "haiwezekani", basi. Mimi nilidhani mradi ulinganifu wa Lorentz (sheria zilezile kwa kila mtazamaji) umetimia, c ni namba yoyote, maabara ndiyo itasema. Yeye kajuaje bila kupima?

Mzee wa Vipeo: Mdogo wangu, chukua φ yenye mteremko usiobadilika, itikise kidogo, uandike mlinganyo wa hicho kiwimbi. c ikiwa chanya, kiwimbi kinabaki nyuma ya nuru. Ikiwa hasi, kinaipita, na hapo unaweza kupanga mambo jibu lifike kabla ya swali. Adams, Arkani-Hamed na wenzao walilionyesha mwaka 2006, pamoja na njia nyingine: φ mbili zikitawanyika kuelekea mbele, amplitudo (namba inayotoa uwezekano wa mgongano) inakua kwa s², s ikiwa mraba wa nishati ya mgongano, na c inafungwa na jumla ya uwezekano wa migongano yote ya nishati kubwa. Uwezekano hauwi hasi. Mimi naiamini zaidi hii ya pili. Ile ya viwimbi watu hubishana hadi alfajiri.

Binti Fotoni: Tazama pia Euler na Heisenberg, 1936, fotoni kugonga fotoni kupitia elektroni: (E²−B²)² + 7(E·B)², E ni uga wa umeme na B wa sumaku, na kizigeu kinachozidisha yote hayo ni chanya. Ila mimi ningeanza na alama za metriki (muda na nafasi kipi kipewe + na kipi −).

Mzee wa Vipeo: Metriki haimsaidii, binti. (∂φ)² inageuka alama, lakini hapa imepandishwa kipeo cha pili. Chembe, hiyo c umeitoa wapi?

Chembe Ndogo: Nimeondoa skala nzito χ ya masi M kwa hesabu ili ibaki φ peke yake; kiungo chake na φ ni gχ(∂φ)², g ikiwa nguvu ya kiungo. Nilihisi g ndiyo hasi.

Mzee wa Vipeo: g iwe hasi, iwe chanya, c = g²/2M². Hebu kague neno la masi.

Chembe Ndogo: Aisee. Ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu: +½M²χ², ilipaswa kuwa −½M²χ². Wiki tatu nimekuwa nikikagua kurasa za nyuma.