Mtafiti wa bayoteknolojia kuhamia sheria ya hataza: je, ni hasara kwa nchi?

Hapa Mwanza nimesikia wasomi wakidai kwamba mtu aliyesomeshwa kwa fedha za umma hadi akabobea katika bayoteknolojia, kisha akavua koti la maabara akasomee sheria ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, amekimbia jukumu lake ilhali mihogo ya Kanda ya Ziwa bado inaangamizwa na ugonjwa wa batobato. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni bango moja.

Kijana mmoja alilibandika ukumbini likionyesha mchanganyiko wa bakteria unaoozesha magugu maji ya ziwani upesi na kutoa gesi ya kupikia. Joto, siku na vipimo vyote vilikuwamo, na wageni wakavipiga picha kwa simu. Lilikuwa bango zuri kweli. Lakini kwa sheria ya Ulaya, kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kabla ya ombi kuwasilishwa hakihesabiwi tena kuwa kipya, na mle ukumbini hakuwamo hata mmoja wa kumwambia asubiri.

Wakili wa kawaida asingemfaa sana. Nguvu ya hataza imo katika madai yake, yaani sentensi zinazochora mipaka ya kinacholindwa, na humo neno moja huamua: mchanganyiko “unaojumuisha” bakteria wa aina mbili humnasa hata mshindani aliyeongeza aina ya tatu, ilhali “unaoundwa na aina mbili pekee” humwachia upenyo. Kujua ni aina ipi inaweza kuongezwa bila kuharibu kazi ni elimu ya maabara. Mwaka 2013, katika kesi ya Myriad Genetics, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba DNA ya asili, yaani kemikali inayobeba taarifa za urithi, haipati hataza kwa kutengwa tu, ila ile inayotengenezwa maabara kutokana na RNA, yaani nakala ambayo seli huitoa kwenye DNA, yaweza kuipata. Asiyejua biolojia atauonaje mpaka huo?

Jibu: Ndugu mtoa mada, la bango nalikubali, ninachotilia shaka ni manufaa. Chini ya TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu hakimiliki za ubunifu, nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwamo, hazilazimiki kutoa hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033, na aina mpya za mbegu zina sheria yake ya mwaka 2012. Mtaalamu huyo atamwandikia nani madai, kama si kampuni za nje zenye fedha? Nionyeshe atakayemlipa siku atakapokaa upande wa kijana wa magugu maji.

Mtoa mada: Alipwe na chuo, kama mhasibu anavyolipwa. Na muda huo wa dawa unamhitaji yeye zaidi, Ndugu yangu, kwa kuwa mwenye kuyasoma madai ndiye atakayewaambia watengenezaji wetu ni dawa ipi haina hataza nchini, wakaitengeneza bila hofu ya kushtakiwa.