Nimelipa kutolewa kutu, fundi kaifukia kwa puti akapiga rangi juu yake!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mwezi wa pili nilipeleka gari langu gereji moja huku Tabata. Naishi Kigamboni, upepo wa chumvi wa huku mnaujua, na kutu ilishaanza juu ya tairi la nyuma na chini ya milango. Sikwenda kutafuta urembo. Nilimwambia fundi kwa mdomo wangu, "Kutu itoke yote, rangi baadaye." Akanijibu, "Bosi, ondoa shaka, nakwangua mpaka bati jeupe." Laki sita na nusu, nikalipa yote.

Masika haijaisha, malengelenge yametoka. Madogo madogo kama vipele vya joto, palepale juu ya tairi. Jana nimebonyeza moja kwa kidole gumba, likapasuka, likatoka tone la maji ya rangi ya chai. Nikachukua bisibisi nikachokonoa. Puti, ule udongo wa kusawazishia bati kabla ya rangi, ikabanduka kipande kizima, unene wa chapati mbili, na upande wake wa ndani umejaa unga wa kutu. Kutu ile ile niliyompelekea! Kapitisha msasa juu juu, kakandika puti, kapuliza rangi.

Puti inanyonya maji jamani. Kutu ikiachwa chini yake inashika unyevu na chumvi, inaendelea kula bati huku juu panang'aa. Bora angeniachia wazi, ningekuwa naiona.

Kazi yenyewe inajulikana. Unakwangua kwa grenda au msasa namba 80 mpaka uipite kutu, ufike kwenye bati zima pande zote. Vishimo vyeusi vinavyobaki unapaka asidi ya fosforiki, inageuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, halafu unaosha mabaki na kukausha kabisa, la sivyo praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga bati, haishiki. Penye tundu panakatwa, panachomelewa bati jipya. Unafuta mafuta, unapiga praima ya epoksi siku hiyo hiyo, maana kwa hewa ya Dar bati tupu likilala usiku mmoja tu linaamka jekundu. Mlango wa kushoto, pekee alioufikisha kwenye bati, aliupiga msasa wa maji kisha akauacha siku tatu nje chini ya mwembe. Niliuona kwa macho yangu nikanyamaza, kwa sababu nilimwamini.

Nimempigia simu. "Bosi, gari la zamani hilo, kutu haiishi." Kama haiishi, ulipokea hela ya kuitoa ya nini? Mbona mwezi wa pili hukusema? Sasa hivi hata simu hapokei. Kazi ya rangi, inayoonekana, kaifanya vizuri kabisa. Kalipua ile ya chini, ambayo mteja haioni, na ndiyo niliyoilipia.

Natafuta fundi mwingine, awe Temeke, Ilala, popote. Sharti langu moja: bati likishasafishwa aniite, nije nilione na kulipiga picha, ndipo apulize praima. Wiki hii nimewaambia hivyo mafundi watatu, wawili wamekataa papo hapo, wa tatu kasema atanitafuta. Mwenye kumjua anayekubali aniambie upesi, mvua bado zinanyesha na pale juu ya tairi kidole changu sasa kinapita mpaka ndani.