Uwekezaji wa asilimia 30 tulioahidiwa na Ruwaza ya 2030 uko wapi?

Ndugu wasomaji, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ruwaza ya 2030, mpango wa taifa wa maendeleo ya muda mrefu, ilipozinduliwa mwaka 2008, tuliambiwa kwamba uchumi wa Kenya ungekua kwa asilimia 10 kila mwaka, na kwamba ili ukue hivyo, uwekezaji ungepandishwa hadi uvuke asilimia 30 ya pato la taifa. Miaka imeyoyoma, nasi tungali tumekwama kwenye asilimia 20 au chini yake, ilhali jirani zetu Watanzania wanawekeza karibu maradufu ya kiwango hicho.

Kinachohesabiwa hapa ni mitambo, majengo, barabara na mabomba ya maji, yaani vitu vitakavyozalisha kesho. Mtu akinunua ploti Kitengela na kuiacha iote nyasi huku akingoja bei ipande, hajaongeza chochote katika hesabu hiyo, kwa sababu ardhi ni ileile, imebadilisha mwenyewe tu. Akiikopesha serikali, fedha hizo huwa uwekezaji pale tu serikali inapojengea kitu. Hapo ndipo penye kidonda changu.

Mimi ni mkandarasi mdogo. Nilijenga soko la kaunti ambayo sitaitaja, nikamaliza awamu ya kwanza, mhandisi akakagua na kutia sahihi cheti, lakini malipo hayakuja. Awamu ya pili iliishia kwenye nguzo. Ukifika pale leo utaona nondo zimechomoza juu ya zege, kutu imechuruzika hadi chini kwa mvua za misimu miwili, na akina mama wanauza sukuma wiki juu ya magunia, juani, hatua chache tu kutoka kwenye nguzo hizo. Nilikuwa nimepanga kununua mashine ya pili ya kuchanganyia zege. Badala yake niliiuza ile niliyokuwa nayo ili niwalipe vibarua.

Katikati ya mwaka 2024 nilikwenda benki kuomba mkopo. Wakati huo hawala za Hazina za siku 364, yaani hati ambazo serikali hukopea fedha kwa muda mfupi, zilikuwa zikilipa riba ya zaidi ya asilimia 16. Ni benki gani ingemkopesha fundi anayeidai kaunti, wakati serikali yenyewe ilikuwa ikiipa riba kama hiyo bila jasho?

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, ya kitaifa na ya kaunti, itengewe maendeleo katika kipindi cha muda wa kati. Lakini kutenga si kutumia. Riba ya madeni na mishahara hulipwa kwanza, na mapato yakipungua, kisu huangukia miradi. Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudia kuongeza kodi, ulipoondolewa (na siwalaumu hata kidogo vijana walioandamana), fungu la maendeleo ndilo lililobeba sehemu kubwa ya makato, si safari wala posho za wakubwa.

Ninachodai ni hiki: kabla ya kiongozi yeyote kuweka jiwe la msingi la mradi mpya, vyeti vya kazi zilizokwisha kukaguliwa vilipwe, kuanzia vya zamani zaidi. Wakandarasi wenzangu, andikeni hapa mnadai tangu mwaka gani na jengo lenu limesimama wapi.