Mjadala: Yai lioshwe kama Marekani, au liachwe na utando wake kama Ulaya?

Mlezi wa Trei (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Marekani mayai dukani yamo ndani ya friji, yameoshwa mpaka yanang'aa, na ule utando wa asili unaofunika ganda umeondoka. Vuka bahari uingie duka la Paris au Berlin, utayakuta rafuni jirani na unga na sukari, na mara nyingine limebaki nyoya kwenye ganda. Msidhani ni mazoea tu. Ni sheria pande zote mbili.

Yai lenye ngao ya daraja la USDA (wizara ya kilimo ya Marekani) lazima lioshwe, na kanuni ya 2009 ya FDA (mamlaka yao ya chakula na dawa) inamtaka mwenye kuku 3,000 au zaidi ayaweke mayai kwenye nyuzi 7 za Selsiasi au chini yake kuanzia saa 36 baada ya kutagwa. Umoja wa Ulaya nao, kwa Kanuni ya 589/2008, ambayo tangu 2023 nafasi yake imechukuliwa na Kanuni ya 2023/2465, unakataza yai la daraja A (lile linalouzwa bichi kwa mlaji) kuoshwa wala kusafishwa kwa namna yoyote, iwe kabla ya kupangwa au baada, na kwa kawaida hauruhusu lipozwe chini ya nyuzi 5 kabla ya kuuzwa. Yaani analolazimishwa mmoja, mwenzake akilitenda ana kesi.

Nani anamjua kuku? Mimi nasema Ulaya. Nipingeni.

Fundi Mashine
Mtoa mada, ukisema "kuoshwa" watu wanaona ndoo na sponji. Sivyo. Kuloweka mayai hairuhusiwi kabisa. Yai linapita kwenye mkanda, linapigwa maji ya moto na brashi. Maji yasipungue nyuzi 32, na yazidi joto la yai lenyewe kwa nyuzi 11 angalau. Yai likikutana na maji ya baridi kuliko lenyewe, vya ndani husinyaa, ganda halisinyai, basi yai linafyonza maji kupitia vitundu vyake. Na vitundu hivyo ni 7,000 hadi 17,000 kwa ganda moja. Anayeosha mayai kwa maji baridi ya bomba analinywesha yai ule uchafu aliotaka kuuondoa.

Maji ya kuoshea hubadilishwa kila saa 4 hivi, maana yakishachanganyika na kinyesi na ute wa mayai yaliyopasuka sabuni haina kazi. Hata madini ya chuma hupimwa: yakizidi sehemu 2 kwa milioni, maji hayo hayatumiki mpaka chuma kiondolewe. Ute wa yai una protini inayokamata chuma ili bakteria wakose lishe. Ukiwapelekea chuma kwa maji ya kuoshea, umewafungulia ghala. Mwisho ni kusuuza kwa dawa yenye nguvu ya klorini sehemu 100 hadi 200 kwa milioni, kukausha kabisa, kumulika kwa taa kutafuta nyufa, ndipo lipangwe. Viwanda vingine hulipulizia mafuta mepesi ya madini ili kuziba vitundu. Hapo mtacheka: wameutoa utando wa kuku, wakaweka wa kwao.

Dada wa Rotterdam
Kaka Fundi, umenipa silaha bila kujua. Hesabu masharti uliyoyataja: joto, saa 4, chuma, klorini, kukausha. Moja likiteleza, yai lililooshwa linakuwa la hatari kuliko lile ambalo halijaguswa. Utando ambao yai linatoka nao kwa kuku unakauka ndani ya dakika chache na kuziba vitundu, na hauhitaji umeme.

Tena sheria ya Ulaya inamlenga mfugaji. Mfugaji asiye na mashine ya kumfichia uchafu atabadilisha matandiko ya viota, ataokota mayai mara kadhaa kwa siku, atahakikisha kuku hawalali ndani ya viota usiku na kuvichafua. Yai lenye mavi haliingii daraja A. Linakwenda kupasuliwa kiwandani na kupashwa joto la kuua vijidudu, kwa bei ya kutupa. Adhabu iko mfukoni.

Kuhusu friji, ubaridi hauna kosa, kosa liko kwenye kulitoa. Yai la nyuzi 5 likikutana na hewa ya joto yenye unyevu linatoka jasho kama chupa ya soda, na ganda lililolowa ni njia nyeupe kwa bakteria. Lori baridi, duka la joto, begi la joto, friji ya nyumbani: yai linatoka jasho mara mbili tatu njiani. Marekani wanaukwepa mtego huo kwa kutolitoa baridini hata mara moja. Ulaya wanaukwepa kwa kutoliingiza mapema.

Mganga wa Kuku
Mnagombania ganda, na adui yuko ndani.

Bakteria wa salmonela wa aina ya Enteritidis anaweza kukaa kwenye mfuko wa mayai wa kuku asiyeonyesha ugonjwa wowote, akaingia ndani ya yai kabla ganda halijatengenezwa. Yai hilo hata ulisugue kwa klorini asubuhi mpaka jioni, yumo. Utando nao haumzuii, kwa sababu hakupita nje. Wamarekani wenyewe hukadiria yai 1 kati ya 20,000. Ni wachache, ila kwenye nchi inayokula mayai kwa mabilioni haiwi idadi ndogo.

Tazameni Uingereza. Desemba 1988 Edwina Currie, waziri mdogo wa afya, alitamka kwamba sehemu kubwa ya uzalishaji wa mayai nchini imeambukizwa. Mauzo yakaanguka, naye akajiuzulu kabla mwezi haujaisha. Kilichokuja kubadili hali hakikuwa maji wala friji. Mwaka 1998 mpango wa nembo ya simba, inayopigwa kwenye ganda la yai, ulianza, ukidai kuku wote walio ndani yake wachanjwe. Kufikia 2017 mamlaka ya chakula ya huko ililegeza ushauri wake: mjamzito, mtoto mchanga na mzee wanaweza kula yai lenye nembo hiyo hata likiwa bichi au kiini chake kikiwa bado majimaji. Umoja wa Ulaya uliifanya chanjo kuwa lazima kuanzia 2008 kwa nchi zenye maambukizi mengi. Uswidi na Ufini zimeshika njia yao, kupima na kuchinja kundi zima likikutwa na salmonela.

Na ile kauli kwamba Ulaya haioshi kabisa si kamili. Kanuni ya 589/2008 yenyewe iliacha mlango wa kuosha kwa vituo vilivyokuwa na kibali kufikia Juni 2003. Uswidi walikuwa wakiosha siku nyingi.

Mzee wa Minnesota
Mganga nakuheshimu, lakini usiitupe friji. Ukikubali kwamba bakteria yumo ndani, swali linalobaki ni anazaana kwa kasi gani. Kwenye nyuzi 7 kushuka chini anadumaa. Yai jipya lina ulinzi wake, ute unapambana naye, na ngozi ya kiini inamnyima lishe. Joto ndilo linalochosha ngozi hiyo. Baada ya wiki kadhaa kwenye nyuzi 25 inalegea, lishe ya kiini inavuja kwenye ute, na hapo mmoja anakuwa maelfu.

Na ubora msiusahau. Siku moja mezani inalizeesha yai kuliko wiki nzima ndani ya friji. Lipasue kwenye sahani ya bapa: la friji kiini kimesimama, ute umekishika, la mezani la siku 15 ute umetawanyika kama maji. Ndiyo maana Ulaya tarehe ya mwisho ni siku 28 tangu kutagwa, na katoni ya Marekani inaweza kuandikwa hadi siku 45 baada ya kufungashwa.

Dada wa Rotterdam
Mzee wangu, shikamoo. Na 2010? Mayai zaidi ya milioni 500 kutoka Iowa yalirudishwa kwa sababu ya salmonela. Yote yalikuwa yameoshwa.

Mzee wa Minnesota
Marahaba binti. Na 2017, mamilioni ya mayai ya Uholanzi na Ubelgiji kuondolewa madukani kwa sababu mabanda yalipuliziwa dawa ya utitiri yenye fiproni, sumu ya wadudu? Hayo nayo yalikuwa na utando wake kamili.

Turudi kwenye Iowa. Kanuni ya FDA ilianza kuwabana wafugaji wakubwa Julai 2010, urudishaji ukatangazwa Agosti. Wakaguzi walikuta panya na lundo la samadi. Kwa hiyo nakubali kwamba mashine ya kuoshea haikuwasaidia. Kanuni yenyewe ndiyo maana inadai udhibiti wa panya, vifaranga kutoka makundi safi na kupima mabanda. Chanjo haijalazimishwa na serikali kuu, ingawa wafugaji wengi wanachanja kwa hiari. Hapo ningewaunga mkono Waingereza bila kusita.

Mpika Keki
Natoka nje ya mada kidogo, ila linawahusu wanaofuata mapishi ya upande wa pili. Yai "kubwa" la Marekani lina wastani wa gramu 57 hivi na ganda lake. "L" ya Ulaya ni gramu 63 hadi 73. "M" ni 53 hadi 63. Kwa hiyo kubwa la Marekani ni M ya Ulaya. Keki ya mayai 6 ukitumia L unaongeza zaidi ya gramu 60, sawa na yai zima la ziada. Keki inatoka na kitovu kibichi, watu wanalaumu oveni. Pima kwa mizani: yai moja la mapishi ya Kimarekani bila ganda ni gramu 50.

Na msitoe yai kwenye friji mkalipiga na siagi moja kwa moja. Siagi inaganda, rojo inakatika. Dakika 5 kwenye maji ya uvuguvugu zinatosha, ila likitoka hapo lipasuliwe papo hapo, lisirudi kwenye katoni.

Mlezi wa Trei
Mpika Keki umeniokoa. Sasa mniambie wakuu: wanaosema "Ulaya hawaweki mayai kwenye friji" wako sahihi?

Fundi Mashine
Dukani, mara nyingi ndiyo. Nyumbani, katoni yenyewe inatakiwa kumshauri mnunuzi ayaweke baridini baada ya kununua. Watu wanaona rafu ya duka wanadhani ndiyo sheria ya jikoni. Asiyapange mlangoni tu, huko joto linapanda na kushuka kila mlango unapofunguliwa.

Mganga wa Kuku
Huku kwetu Dar na Mombasa trei za 30 kwa kawaida haziingii kwenye friji, na mayai hayajaoshwa. Tuko upande wa Ulaya bila ubaridi wa Ulaya, kwa hiyo muda ni mfupi: nunua ya siku chache, yakae kivulini, usirundike trei ndani ya gari lililoegeshwa juani. Trei za karatasi zilizokwisha loa au kuchafuka zisirudi bandani, zinabeba ugonjwa kutoka shamba hadi shamba.

Kosa ninaloliogopa ni la kuchanganya mifumo. Muuzaji anaosha mayai kwa maji ya baridi ili yapendeze, kisha anayapanga rafuni kwenye nyuzi 30. Hayana utando wala friji. Yai lenye uchafu likwanguliwe kwa kitambaa kikavu, au litumike siku hiyo hiyo likiwa limeiva kabisa. Mchanganyiko wa mayai uguse nyuzi 71 ndani. Chipsi mayai iliyoshikana vizuri inafika. Ile inayotiririka katikati haijafika.

Mlezi wa Trei
Na lile la kulitia yai majini, likielea ni bovu?

Mganga wa Kuku
Linapima umri tu. Yai linapopoteza maji chumba chake cha hewa kinakua, ndiyo linaelea. Yai la jana lenye salmonela litazama mpaka chini kama jiwe. Na ukishalitia majini usilirudishe kwenye trei, umeshalilowesha.